Ganzi mikononi, magoti yanauma: njia nne za kuifanya pikipiki ikukae

Pikipiki nyingi zinazouzwa kwetu hufika dukani zikiwa ndani ya makasha, usukani umelazwa kando na gurudumu la mbele halijavalishwa. Fundi wa duka ndiye anayeziunganisha. Anakaza usukani, anafunga liva za klachi na breki, anavalisha vioo na pedali ya gia, kisha anasogea kwenye kasha linalofuata. Hajui kama mnunuzi atakuwa na futi tano au sita, wala kama atapanda akiwa na gambuti au malapa. Pale alipokaza ndipo panapobaki mpaka siku pikipiki inapouzwa kwa mtu wa pili, na huyo naye hagusi.

Kwa hiyo mtu anapouliza kama anunue usukani mpya au asogeze futiresti (vyuma vya kukanyagia miguu), mara nyingi anataka kubadilisha kitu ambacho hakijawahi kurekebishwa hata mara moja. Lakini si kila mara. Zipo pikipiki ambazo ukizirekebisha mpaka mwisho bado hazikukai, kwa sababu mwili wako na chuma chake havilingani. Hapa nazilinganisha njia nne: kurekebisha vilivyopo, kuinua usukani kwa raiza (vipande vya kuupandisha juu), kubadilisha usukani wenyewe, na kuhamisha futiresti.

Vigezo, na kwa nini hivi

Cha kwanza ni maumivu yenyewe. Yapo mahali gani hasa? Ganzi ya kidole kidogo na cha pete huashiria mshipa wa fahamu unaopita pembeni mwa kiganja. Unabanwa pale unapoegemeza uzito wa kifua juu ya gripu, ile mipira ya kushikia kwenye ncha za usukani. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inatoka kwenye mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Huo hauupendi mkono uliokunjwa kwenda juu huku ukikaza gripu saa nzima. Mabega yanayopanda kuelekea masikioni yanasema usukani uko mbali au uko juu mno. Goti linalowaka upande wa mbele linasema limekunjwa kupita kiasi. Kifundo cha mguu wa kushoto kinachouma peke yake kinasema pedali ya gia iko juu au chini ya mahali pake. Ukishajua hilo, nusu ya uamuzi umeshafanyika.

Cha pili ni udhibiti: je, baada ya mabadiliko mkono na mguu vinaifikia breki haraka kama zamani? Mimi hiki nakiweka juu ya vyote, hata juu ya maumivu. Cha tatu ni kebo, mipira inayopitisha mafuta ya breki na nyaya za umeme, kwa maana vyote vina urefu wake. Cha nne ni gharama, pamoja na swali ambalo wengi hawaulizi: nisipopenda, naweza kurudi nilikotoka? Cha tano ni abiria na mzigo, kwa kuwa pikipiki nyingi za kwetu hazibebi mtu mmoja.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Mwili unaigusa pikipiki kwa mikono, makalio na nyayo, na ukisogeza kimoja, viwili vilivyobaki navyo vimesogea. Fundi siti akikuongezea godoro la sentimita nne, magoti yanapata nafuu, lakini kwa mikono yako usukani umeshuka sentimita nne zilezile. Nimesikia watu wakiulaumu usukani wiki moja baada ya kushonewa siti mpya, wala hawavihusishi viwili hivyo. Kama una mpango wa kugusa siti, anza nayo. Mengine yote yapimwe baada ya hapo.

Njia ya kwanza: kurekebisha vilivyopo

Hapa hununui kitu. Unalegeza, unazungusha, unakaza.

*Maumivu inayoyagusa.* Mengi kuliko inavyodhaniwa. Anza na liva. Kaa kwenye siti kama unavyokaa siku zote, legeza mabega, weka mikono kwenye gripu na unyooshe vidole. Vinapaswa kuangukia juu ya liva, mgongo wa kiganja ukiwa kwenye mstari mmoja na mkono mpaka kiwiko. Kama inabidi uinue vidole juu ndipo uifikie liva, kila unapovuta klachi unakunja kifundo, na kwenye foleni ya Ubungo au ya Thika Road unaivuta klachi mara zisizohesabika. Legeza bolti ya kibano cha liva, izungushe iende chini kidogo, kaza. Usikaze kwa hasira: kibano kinachoweza kuzunguka kidogo pikipiki inapoanguka kinaiokoa liva isivunjike.

Kisha usukani wenyewe. Karibu zote zimeshikwa kwa vibano viwili juu ya kichwa cha fok (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), na ukilegeza bolti zake nne unaweza kuuzungusha uje kwako au uende mbele. Nyingi zina nukta ndogo iliyogongwa kwenye bomba, inayoonyesha mahali pa kiwandani. Hata ukihama, weka alama ya rangi ili ujue kwenu ni wapi. Sogeza milimita tano, endesha siku mbili tatu, ndipo uamue tena. Ukiuvuta sana kuja kwako, ncha zake zinaangalia chini na kifundo kinakunjwa upande mwingine, hivyo umetoka kwenye ganzi moja ukaingia nyingine.

Miguuni ndiko watu wanakokusahau kabisa. Pedali ya gia imevalishwa kwenye shafti yenye meno. Toa bolti yake yote, maana kwenye nyingi bolti inapita kwenye mfereji wa shafti na pedali haitatoka ikiwa bolti imelegezwa tu. Chora mstari wa alama, ivute pedali, irudishe ikiwa imehama jino moja. Jino moja tu ni mabadiliko makubwa huku mwisho, kwenye vidole. Anayevaa gambuti au buti nene anahitaji pedali ya mbele iwe juu kidogo ili mguu upite chini yake. Wa malapa anaihitaji chini. Kwenye pedali za kisigino na vidole kama za Boxer na TVS HLX, ukipandisha mbele unashusha nyuma, kwa hiyo tafuta mahali ambapo kisigino hakiikanyagi gia bila wewe kukusudia.

Breki ya mguu ina vitu viwili ambavyo mafundi wengi huvichanganya. Kimo cha pedali kinawekwa na bolti ndogo ya kuizuia, iliyo karibu na pedali yenyewe. Nati ya nyuma, kule kwenye fimbo inayoingia kwenye dramu, kazi yake ni kuweka nafasi ya bure, yaani umbali ambao pedali inashuka kabla breki haijaanza kushika. Kwa breki za dramu nafasi hiyo kwa kawaida ni kati ya milimita 20 na 30 kwenye ncha ya pedali. Ukishusha pedali ukasahau nati, unaweza kumaliza nafasi yote. Breki inakwaruza safari nzima, dramu inachemka, na siku unateremka mlima Kitonga ukiwa na mzigo unakuta pedali imekuwa laini. Swichi ya taa ya breki nayo irekebishwe, la sivyo taa itawaka muda wote au haitawaka kabisa.

*Udhibiti.* Unaongezeka, hata kwa mtu asiyekuwa na maumivu yoyote.

*Kebo na nyaya.* Hazina shida, ila kwenye pikipiki yenye diski mbele, kikopo cha mafuta ya breki kiko kwenye liva. Ukiizungusha sana kikopo kinalala upande na hewa inaweza kuingia kwenye mfumo. Kibaki karibu na usawa.

*Gharama na kurudi.* Spana mbili tatu, na unarudi ulikotoka kwa dakika chache. Hatari pekee ya kweli ni meno ya pedali: yakiwa yameshalika, kila unapoivua na kuivalisha unayamaliza.

*Abiria na mzigo.* Hakuna kinachobadilika.

*Inamfaa nani.* Kila mtu, kama hatua ya kwanza. Haimtoshi mrefu sana wala mfupi sana, wala aliyenunua pikipiki ya umbo lisilo lake.

Njia ya pili: raiza

Raiza ni vipande vya chuma au alumini vinavyokaa kati ya kichwa cha fok na vibano, usukani ukapanda juu. Ziko za aina mbili: zinazoinua tu, na zinazoinua huku zikirudisha nyuma kuja kwa dereva.

*Maumivu inayoyagusa.* Uzito juu ya viganja, shingo na kiuno cha mtu anayeinama. Mtu mrefu kwenye pikipiki ndogo anaisikia tofauti siku hiyohiyo. Vilevile anayeendesha akiwa amesimama kwenye njia mbovu. Bwana shamba anayezunguka vijijini na DT125 au XL125 anajua: ukisimama kwenye futiresti na inabidi uiname ndipo ushike usukani, usukani uko chini. Lakini kama shida yako ni mtetemo wa injini, raiza haitakusaidia chochote. Injini ya silinda moja itatetemesha usukani ulio juu kama ilivyotetemesha ulio chini. Mtetemo unatibiwa na gripu nene, laini, na vizito vya kufunga kwenye ncha za usukani.

*Udhibiti.* Kwa sentimita mbili au tatu, hakuna unachopoteza. Zaidi ya hapo, uzito wa mwili unaondoka mbele, na kwenye mlima wenye changarawe gurudumu la mbele linaanza kuwa jepesi. Upepo wa barabara kuu nao unakupiga kifuani, kwa hiyo unachokiokoa kwenye viganja unakilipa kwa kujivuta mbele ukiwa kasi 80.

*Kebo na nyaya.* Hapa ndipo raiza nyingi zinapoharibikia. Mpaka milimita 20 au 30, pikipiki nyingi bado zina ulegevu wa kutosha kwenye kebo ukizipitisha njia fupi. Kupita hapo unaingia kwenye kebo ndefu ya klachi, kebo ndefu ya mafuta (ile ya eksileta), na kwa wenye diski, mpira mrefu wa breki. Usikubali fundi akwambie "itavutika". Kebo haivutiki, inajikaza, na unapokata kona injini inapanda yenyewe.

Tazama pia bolti. Raiza zinahitaji bolti ndefu kuliko za mwanzo, na kwenye alumini uzi unapaswa kuingia angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti: kwa bolti ya milimita 8, ni milimita 12 za uzi unaoshika kweli. Nimeona usukani ulioinuliwa kwa kurundika nati na washa chini ya kibano. Ulikuwa umesimama vizuri. Mimi nisingeuendesha hata mpaka kona ya mtaa.

*Gharama na kurudi.* Bei ya kati. Zinapatikana Kariakoo na kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, ila kwa pikipiki za kawaida za bodaboda chaguo ni dogo na wengi huchongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza. Si vibaya, mradi kipande ni kimoja kizima, si mabomba yaliyochomelewa. Ukiwa umetunza bolti za zamani, kurudi ni rahisi.

*Abiria na mzigo.* Unapombeba abiria unasogea mbele kuelekea kwenye tanki. Raiza inayorudisha usukani nyuma inaweza basi kukugonga magotini ukikata kona kali, na anayeweka gunia au ndoo juu ya tanki atakuta usukani unaingia kwenye mzigo. Walioweka mwamvuli wapime kwanza vyuma vyake visiguse vioo wala mikono.

*Inamfaa nani.* Mrefu anayependa usukani wake ulivyo lakini anainama. Anayesimama sana njiani. Mwenye kiuno kibovu.

Njia ya tatu: usukani mwingine

Bomba la usukani wa pikipiki nyingi lina unene wa milimita 22 sehemu ya vibano, kwa hiyo ule wa pikipiki moja mara nyingi unaingia kwenye nyingine. Ziko pia nene za milimita 28.6 katikati, zinazohitaji vibano vyake; kwenye gripu zinarudi kuwa 22. Pima kabla ya kulipa.

*Maumivu inayoyagusa.* Raiza inabadilisha kimo. Usukani mpya unabadilisha kimo, upana na pembe ya kifundo cha mkono, vyote kwa pamoja, na hiyo pembe ndiyo hazina yake. Usukani mpana wenye chuma cha msalaba katikati, wa aina ya pikipiki za porini, unafungua kifua na kuvitoa viwiko pembeni. Ulioinuka na kurudi nyuma unakuruhusu ukae wima kama uko kwenye kiti cha kulia chakula. Mfupi, ulionyooka, ambao vijana wa Dar es Salaam wanaupenda kwa muonekano, unakulaza mbele na kukutwisha uzito viganjani; lakini nisiudhulumu, mfupi wa mwili mwenye mikono mifupi anaweza kuukuta ndio unaomkaa, na viwiko vyake vikapumzika.

*Udhibiti.* Upana ni mkono wa nyenzo. Usukani mpana unageuka kwa nguvu kidogo, jambo jema kwenye tope, mchanga na mwendo wa polepole. Kwenye kasi kubwa kosa dogo la mkono nalo linakuwa kubwa. Mwembamba ni kinyume chake, na una faida moja ambayo dereva wa mjini haitupi ovyo: unapita kati ya daladala mbili mahali ambapo mpana unaacha kioo cha pembeni. Ukiweka mpana, pima kutoka ncha ya kioo mpaka ncha ya kioo, kisha ukumbuke mlango wa geti lako.

*Kebo na nyaya.* Kazi ni nyingi kuliko raiza. Swichi za taa na honi zina pini ndogo inayoingia kwenye tundu la bomba ili zisizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna tundu hilo. Fundi mvivu anaikata pini, halafu baada ya mwezi swichi inazunguka mkononi mwako usiku ukitafuta indiketa. Fundi mzuri anapima, anatoboa tundu dogo linalolingana na pini, basi. Nyaya za swichi zikiwa fupi ziungwe vizuri na kufunikwa, zisinyooshwe mpaka zikatike ndani ya koti lake. Eksileta baada ya kufungwa lazima irudi yenyewe ikiachiwa. Isiporudi, gripu imesukumwa mpaka mwisho na inasuguana, au kebo imepinda vibaya.

Kuchomelea usukani wa zamani ili uongezwe urefu au upindwe upya ni suala ambalo sitalilinganisha na lolote. Bomba jembamba lililopashwa moto kwenye mkunjo linapasuka taratibu mahali usipopaona, chini ya rangi mpya, na litakatika siku unayoliegemea kwa nguvu zote, yaani siku ya breki ya ghafla.

*Gharama na kurudi.* Usukani wa chuma wa kawaida si ghali. Ufundi, kebo na gripu mpya ndivyo vinavyopandisha. Kurudi kunawezekana ikiwa hukuuza wa zamani na hukukata nyaya.

*Abiria na mzigo.* Mpana na mrefu unafaa na mzigo mzito nyuma, kwa sababu pikipiki iliyolemewa nyuma inapepesuka mbele na unahitaji nyenzo. Angalia tu kwamba ukikata mpaka mwisho kushoto na kulia hauligusi tanki wala kidole gumba hakibanwi hapo katikati.

*Inamfaa nani.* Ambaye maumivu yake ni ya kifundo cha mkono au mabega na marekebisho hayakutosha, na ambaye anajua anataka mabadiliko yaelekee wapi. Anayebahatisha anunue raiza kwanza, hasara yake ni ndogo.

Njia ya nne: kuhamisha futiresti

Hii inaficha ndani yake kazi tatu tofauti: kushusha futiresti, kuzipeleka mbele, au kuongeza nyingine za kupumzikia kwenye krashigadi (vyuma vya mbele vinavyokinga injini pikipiki ikianguka).

*Maumivu inayoyagusa.* Kushusha kwa sentimita mbili au tatu kunalifungua goti la mtu mrefu kuliko godoro lolote la siti. Kupeleka mbele kunanyoosha miguu, ila uzito wote sasa unakaa kwenye mfupa wa mkia, na kila tuta linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, maana huwezi tena kujiinua kidogo kwa miguu kulipokea. Kwenye lami nzuri ya safari ndefu ni raha. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ya bati ni adhabu. Futiresti pana za chuma zenye meno, badala ya zile nyembamba za mpira, zinasaidia ganzi ya nyayo. Ila mpira nao ulikuwa unameza mtetemo, kwa hiyo ukibadilisha unabadilishana.

*Udhibiti.* Ukishusha futiresti bila kugusa pedali, kwa mguu wako pedali zimepanda. Kila kilichosemwa kwenye njia ya kwanza kuhusu gia na breki kinarudi, na sasa si hiari. Kwenye kona kali, futiresti iliyoshuka inagusa lami mapema zaidi. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni itakuonyesha. Kwenye njia ya makorongo, matairi ya magari yakiwa yamechimba, inagonga kingo.

Za kupumzikia kwenye krashigadi zina swali moja tu: mguu wa kulia ukiwa kule mbele, breki ya nyuma iko wapi? Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Sekunde moja ya kuurudisha mguu ni magari manne au matano yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Kwa hiyo ni za barabara tupu inayoonekana mbali, mchana, mkono wa kulia ukiwa karibu na breki ya mbele. Mjini miguu irudi mahali pake. Na mguu uliotangulia mbele ya injini ndio wa kwanza kukutana na mbuzi.

*Kebo na nyaya.* Hakuna kebo za mikono, lakini kuna fimbo. Pedali zikipelekwa mbele, gia inahitaji kiungo cha fimbo chenye ncha za kuzunguka na breki inahitaji fimbo ndefu. Kila kiungo kinaongeza ulegevu, na gia zinazoingia kwa kubahatisha huanzia hapo. Kuna mambo mengine mawili yanayosahaulika mpaka kazi imalizike. Kiki: je, mkono wake unapita bila kugonga futiresti mpya? Na stendi ya pembeni: kwenye pikipiki nyingi zenye umbo la Honda CG125, futiresti zote mbili ni chuma kimoja kilichofungwa chini ya injini, na stendi imeshikwa hapohapo. Ukikihamisha, na stendi imehama.

*Gharama na kurudi.* Kuna tofauti kubwa. Bamba la kushushia linalofungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyopo ni rahisi na linatoka. Kuchomelea kwenye fremu ni uamuzi wa kudumu, unaweza kuidhoofisha fremu pale inapobeba uzito, na utajieleza kwa mnunuzi, kwa bima, pengine hata kwa askari. Mimi ningeishia kwenye bolti.

*Abiria na mzigo.* Futiresti za abiria usiziguse. Za dereva zikienda mbele, abiria ananufaika kwa nafasi ya magoti, jambo ambalo wateja wa bodaboda hulisifu bila kujua limetoka wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye miguu mirefu na magoti mabovu, anayekaa zaidi kwenye lami. Haimfai anayependa kusimama kwenye futiresti, ila kushusha kidogo tu.

Majaribio ambayo hayaachwi

Chochote utakachochagua, kabla ya kumlipa fundi simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, washa injini iungurume taratibu, kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda hata kidogo, kebo ya mafuta imebanwa; kazi irudiwe. Kwenye kila mwisho vuta klachi uone kama bado ina ulegevu wake wa milimita 10 hivi kabla ya kushika. Tazama mpira wa breki usiwe umenyooka kama kamba ya nguo. Bonyeza swichi zote. Halafu nenda kwenye uwanja mtupu, fika mwendo wa 20, shika breki zote mbili mara kadhaa, pandisha na kushusha gia zote bila kuangalia mguu. Vioo virekebishwe ukiwa umekaa, si umesimama kando. Baada ya siku mbili tatu kaza tena bolti za vibano. Za alumini mpya hulegea kidogo zikikaa.

Kwa hali yako

Ganzi ya vidole kwa dereva wa foleni za mjini: rekebisha liva kwanza, kisha zungusha usukani kidogo. Ikibaki baada ya wiki mbili, nunua usukani unaobadilisha pembe ya kifundo, usio mpana. Ganzi inayokuamsha usiku au inayodumu siku usizoendesha si ya fundi tena, ni ya daktari.

Mrefu kwenye pikipiki ya 125: kama yanayouma ni magoti, siti au bamba la kushushia futiresti, kama ni kiuno na shingo, raiza. Yakiuma yote, anza chini uende juu, maana raiza iliyopimwa kabla ya siti itapimwa tena.

Mfupi ambaye anajinyoosha kuufikia usukani: uzungushe uje kwako, tazama kifundo. Kisipolalamika, umemaliza bila gharama. Kikilalamika, raiza za kurudisha nyuma zisizoinua sana, au usukani uliorudi nyuma.

Wa vijijini, mzigo na tope: usukani mpana wenye msalaba na futiresti pana za meno, zikiwa palepale zilipo. Usizipeleke mbele.

Wa safari ndefu za lami: hapa raiza ndogo na futiresti za kupumzikia zinashindana kwa haki, na wengine huweka zote mbili. Anayechoka mikono achukue raiza. Anayechoka makalio na magoti aongeze futiresti za kupumzikia, na ajizoeze kurudisha mguu kwenye breki kila anapoona kijiji mbele.

Mwenye bodaboda ya mkataba, ambayo bado si yake: njia ya kwanza tu, na alama za rangi kwenye kila ulichogusa. Raiza za bolti muulize tajiri kabla hujazinunua.